Waridi la Jangwani Kwenye Nyanda za Baridi

Barua za wasomaji wa bustani safari hii zimejaa mmea mmoja: waridi la jangwani, ambalo wauza miche wengi huliita adeniamu. Ni kichaka kifupi chenye kitako kinene kama mbuyu mdogo na maua ya rangi ya waridi yenye koo jeupe. Si jamaa wa waridi, wala si jamaa wa mbuyu. Ni ndugu wa oleanda na msanapichi, na udugu huo ndio unaoeleza utomvu wake, wadudu wake na sumu yake. Peter Forsskål aliukuta Yemen, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Jina la kisayansi, Adenium, limetokana na mji wa Aden. Lakini hapa kwetu si mgeni: unamea wenyewe kwenye nyika kavu za bonde la Ruaha. Tatizo linaanza tunapoupandisha mlimani.

*Nilinunua waridi la jangwani Dar es Salaam mwezi wa tatu likiwa na maua. Mwezi wa sita majani yaligeuka manjano yakadondoka yote. Nikadhani lina kiu, nikawa nalipatia nusu lita ya maji kila asubuhi. Sasa kitako kimelainika upande mmoja, ukikibonyeza kinabonyea kama parachichi lililoiva. Limekufa?*
Mama wa Uyole, Mbeya

Huenda bado linaokoleka, mama, lakini lishughulikie leo hii. Uozo wa kitako hausubiri mwisho wa wiki.

Kwanza hakikisha ni uozo. Kitako cha adeniamu hulainika kwa sababu mbili zinazopingana. Kikiwa na kiu, hulainika pande zote kwa usawa, ngozi hukunjamana kidogo, udongo ni mkavu mpaka chini, na hakuna harufu. Kikiwa kimeoza, hulainika upande mmoja, mara nyingi karibu na usawa wa udongo, ngozi hugeuka kahawia iliyokolea, na ukinusa unapata harufu ya kiazi kilichooza. Mwenye kiu anahitaji maji. Aliyeoza akipewa maji anamalizika. Kwa maelezo yako, wako ameoza.

Ng'oa mmea, kung'uta udongo wote, osha mizizi kwa maji safi na uiache ikauke kivulini kwa saa chache. Chukua kisu chenye makali, kipanguse kwa spiriti kabla ya kila mkato, si mara moja tu mwanzoni. Vaa glavu. Kata sehemu laini yote. Nyama nzima ya kitako ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, ngumu kama kiazi kibichi, na hutoa utomvu. Nyama iliyooza ni ya kahawia na inachuruzika maji. Ukifika kwenye nyama nyeupe, usifurahi haraka: angalia uso wa mkato kwenye mwanga. Ukiona hata doa moja la kahawia lenye ukubwa wa punje ya ulezi, kata sentimita moja zaidi. Doa hilo ndilo litakalorudi baada ya wiki tatu. Watu wengi hupoteza mmea hapa, kwa kuuonea huruma.

Nyunyizia jeraha unga wa mankozebu, ambayo ni dawa ya ukungu, au wa salfa. Kama huna, majivu makavu yaliyochekechwa yatasaidia kukausha, ingawa hayaui ukungu kama dawa. Kisha utundike mmea kivulini penye hewa kwa siku 10 hadi 14, hadi jeraha likauke na kuwa gumu kama gamba. Kwa kuwa uko katikati ya baridi, uupande kwenye mchanganyiko mkavu wa udongo nitakaoueleza kwa mkulima wa Mafinga hapa chini, jeraha likiwa sentimita 2 au 3 tu ndani, na usiumwagilie mpaka mwishoni mwa Agosti. Hautakufa kwa kiu. Kitako hicho ni ghala la maji.

Iwapo kitako chote kimeoza lakini matawi ni magumu, kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, viache vikauke juma moja, kisha uvipande. Vitaota mizizi, ila mti uliotokana na kipande cha tawi haujengi kitako kizuri kama uliotoka kwenye mbegu.

Sasa chanzo. Majani ndiyo yanayovuta maji kutoka kwenye mizizi. Yakishadondoka, na udongo ukishakuwa baridi, mizizi haifanyi kazi. Nusu lita yako ilikaa chunguni siku nzima na usiku kucha ikilea vimelea vya uozo. Huko nyikani unakotoka mti huu, miezi ya ubaridi haina mvua kabisa: mti hulala ukiwa mkavu. Uyole, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, tunaupa jambo ambalo haujawahi kulijua, yaani baridi na maji kwa wakati mmoja. Baridi peke yake inavumilika mpaka karibu nyuzi 10, na mmea mkavu uliolala huvumilia hata chini kidogo ya hapo. Baridi yenye maji huua hata kwenye nyuzi 14.

Basi ratiba iwe hivi. Septemba hadi Aprili, mwagilia mpaka maji yatoke matunduni, kisha usirudie mpaka udongo ukauke. Mei, punguza kwa nusu. Juni, Julai na sehemu kubwa ya Agosti, mti usio na majani usiupe kitu. Uliobakiza majani upe robo lita kila baada ya wiki tatu, saa nne asubuhi, siku yenye jua. Kujua kama udongo umekauka usitazame juu. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, subiri.

*Nyumba yangu ina baraza pande zote nne. Niweke vyungu upande gani? Jirani anasema mashariki kwa sababu ya jua la asubuhi.*
Msomaji wa Kihesa, Iringa

Jirani hajakosea kwa mboga, lakini kwa mmea huu jibu hubadilika na majira. Iringa iko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 7 na 8. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, hivyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata jua tangu asubuhi hadi jioni. Kama ni ukuta wa tofali, unanyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Sogeza vyungu viwe shibri moja kutoka ukutani, na uviinue juu ya tofali mbili au kipande cha ubao. Sakafu ya saruji mwezi wa saba ni baridi kama jiwe la mtoni, na baridi hiyo huingia kwenye mizizi moja kwa moja. Upande wa kusini katika miezi hiyo ni kivuli kitupu. Ukiuacha mti huko, utaamka umechelewa na maua yatakuwa machache.

Kuanzia Oktoba unaweza kuvitawanya popote penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, mradi mvua za masika zisivinyeshee mfululizo.

*Udongo gani hasa? Nimetumia udongo mweusi wa msituni chini ya mipaini, unaonekana una rutuba, lakini miche imedumaa.*
Mkulima wa Mafinga

Udongo huo ni mzuri kwa mambo mengine. Kwa adeniamu una kasoro mbili: unashika maji kama sifongo, na una tindikali kwa sababu ya sindano za mipaini. Mti huu unataka udongo usio na tindikali nyingi, wenye hewa, unaomwagiwa maji yakatoka chini ndani ya sekunde chache.

Kwa ndoo moja ya lita 10, changanya lita 5 za mawe mepesi ya volkano au mchanga mkali wa mtoni, lita 2 za mkaa uliopondwa, lita 2 za udongo wa kawaida wa shambani na lita 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, angalau miezi sita. Tia kijiko kimoja kikubwa cha majivu, si zaidi.

Wasomaji wa Mbeya na Rungwe wana bahati ambayo wafugaji wa mmea huu kwingineko huilipia: mawe mepesi yanayoelea majini, yaleyale tunayosugulia visigino. Mlima Rungwe uliyatapika miaka ipatayo 4,000 iliyopita, na tabaka lake huonekana kwenye kingo za barabara zilizochongwa. Yaponde, yachekeche, chukua vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na utupe vumbi. Vumbi likibaki linajaza nafasi za hewa na kazi yote inakuwa bure. Mafinga na Iringa ambako hayapatikani kwa urahisi, tumia mchanga mkali uliooshwa mara tatu mpaka maji yatoke meupe. Mchanga laini wa kupigia plasta haufai. Unashikamana kama saruji. Maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, ambayo Usangu yanatupwa kwa malundo, yanaweza kuchukua nafasi ya mkaa.

Miche yako iliyodumaa usiisubiri. Ikiwa ni Septemba au baadaye, ihamishe, na usiimwagilie kwa siku 7 hadi 10 ili mizizi iliyochubuka ipone.

*Nina ndugu Pawaga anayesema huko porini yapo makubwa, kitako kama mtungi. Nimtume aning'olee mawili?*
Msomaji wa Gangilonga, Iringa

Hapana, kaka, na sababu si moja. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kung'oa mmea wowote ni kosa la jinai. Nje ya hifadhi, mti wenye kitako kama mtungi umechukua miaka mingi mno kufikia hapo, na mizizi yake minene imejibana kati ya mawe. Anayeung'oa kwa jembe huikata, jeraha linakuwa na upana wa kiganja, na jeraha hilo likipandishwa kwenye baridi ya Gangilonga huoza. Mti ulioishi hapo kabla mng'oaji hajazaliwa unaishia jalalani, na nyika haiupati mwingine kwa haraka. Pawaga omba mbegu, kama mti uko kwenye shamba la mtu na mwenyewe ameridhia. Tunda moja lina mbegu za kutosha kuwapa majirani wote.

*Nimepata mbegu kama 40. Nilipanda 20 mwezi wa tano, zikaota 6, zote zikaanguka na kulala chini. Nizipande lini zilizobaki?*
Dada wa Makambako

Mwezi wa tano ndio uliokuangusha. Mbegu hizi zinataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Hapo huota ndani ya siku 3 hadi 7. Udongo wa baridi unazichelewesha, na wakati huo ukungu unakula. Zilizobaki zipande kati ya mwanzo wa Septemba na katikati ya Oktoba. Utapata miezi saba hadi tisa kabla ya Juni, na mche utakuwa na kitako cha ukubwa wa kitunguu kidogo, cha kutosha kuvuka baridi. Ila usizikalishe mwaka mzima: mbegu hizi hupoteza nguvu mapema.

Mbegu ina umbo la kijiti kifupi, na kila ncha ina shungi la nywele. Nyofoa shungi hizo, hushika ukungu. Loweka mbegu saa mbili hadi nne katika maji ya uvuguvugu. Tumia trei au kopo pana lenye matundu, jaza mchanga mkali nusu na mkaa uliopondwa nusu. Laza mbegu kwa ubavu, funika kwa nusu sentimita tu ya mchanga, nyunyizia maji ya moto yaliyopoa. Funika kwa nailoni inayopitisha mwanga na uweke mahali pa joto. Juu ya kipande cha bati kinachopigwa na jua la asubuhi panafaa, lakini jua la saa saba lisifike kwenye nailoni, litazipika.

Ukiona vichwa vya kijani, anza kufungua nailoni siku hiyohiyo, kidogokidogo kwa siku tatu. Wengi huiacha wakidhani wanahifadhi joto, wanahifadhi ukungu. Miche kulala chini shingo ikiwa imenyauka ni ugonjwa wa ukungu huo. Ukianza, hakuna kuponya mche ulioanguka. Utoe, na wengine wapulizie mankozebu gramu 2 kwa lita moja ya maji. Miche ikiwa na majani sita, baada ya wiki sita hadi nane, kila mmoja upate kopo lake.

*Waridi langu lina miaka minne, lina majani mengi ya kupendeza, halijawahi kutoa ua. Nalipatia mbolea ya CAN kila mwezi. Kingine: la dada yangu lilikuwa na maua mekundu yaliyokunjamana kama waridi halisi, sasa linatoa ya pinki ya kawaida.*
Msomaji wa Vwawa, Songwe

Acha CAN. Naitrojeni yake hujenga majani na machipukizi marefu laini yanayopendwa na vidukari, na maua yanakosa zamu. Badala yake tumia NPK 17-17-17: kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, kila wiki tatu, kuanzia mti unapoamka mwezi wa tisa hadi Machi. Mwagilia maji matupu kwanza. Mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi.

Mbolea peke yake haitoshi. Maua hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Mti ambao haujapogolewa miaka minne una ncha tatu au nne tu. Mwishoni mwa Agosti au mwanzo wa Septemba, kabla haujachipua, fupisha matawi yote mpaka theluthi moja ya urefu, mkato wa mshazari, utomvu uupanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha mankozebu. Kila tawi litatoa machipukizi mawili hadi manne. Katika jua kamili utaona vitumba baada ya miezi miwili mitatu. Ukiupogoa Mei, machipukizi laini yatakutana na baridi na kukauka.

La dada yako lilikuwa limebebeshwa, kama miparachichi ya Hass inavyobebeshwa huku kwetu. Kikonyo chenye maua mekundu kiliwekwa juu ya shina la kawaida. Machipukizi ya chini ya kiungo yana nguvu zaidi. Yasipoondolewa yanakiua kikonyo. Tafuta kovu kwenye shina. Kama juu ya kovu bado kuna tawi hai, kwanyua kila kitu kilichoota chini yake, mara mbili kwa mwezi. Kama hakuna, maua mekundu hayatarudi, lakini shina hilo linaweza kubebeshwa upya.

*Nina wajukuu wawili na mbuzi. Nasikia mti huu ni sumu ya mishale. Ni kweli au ni hadithi?*
Bibi wa Igawa, Mbarali

Shikamoo bibi. Ni kweli kabisa. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mmea huu. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Sehemu zote zina sumu: mizizi, kitako, majani, mbegu.

Weka chungu mahali ambapo mjukuu mdogo hafiki, na mabaki ya kupogoa usiyatupe kwenye zizi wala kwenye lundo la majani ya mbuzi, yafukie. Usiyachome jikoni. Utomvu ukigusa ngozi, osha kwa sabuni. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akitafuna jani, mfute mdomo, usimtapishe, usipoteze muda na maziwa wala mkaa. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha tawi ili mganga ajue ni nini. Dalili ni kutapika, tumbo kuuma, kizunguzungu, na moyo kwenda taratibu au kurukaruka. Zinaweza kuchelewa, kwa hiyo mtoto kuonekana mzima si sababu ya kungoja.

Na yeyote anayekwambia uchemshe mizizi yake kama dawa ya mchango au ya vidonda, mkatalie. Kiasi cha dawa na kiasi cha kuua katika mmea huu havitenganishwi kwa kikombe cha nyumbani.

*Wadudu wadogo wa manjano wamejaa kwenye vichomozo. Na kuna kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa kama macho.*
Msomaji wa Iyunga, Mbeya

Wa manjano ni vidukari wa oleanda. Dawa kali haihitajiki: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, puliza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Kiwavi ni wa nondo mkubwa anayekula oleanda. Mmoja anaweza kumaliza majani ya mche kwa siku mbili. Mtoe kwa mkono ukiwa na glavu. Majani yakififia na kuwa na vidoti vyeupe kwenye kiangazi, tazama chini yake: huo ni utitiri mwekundu, na maji ya kunyunyizia kwa nguvu kila siku tatu huupunguza.

*Ugonile! Huku mvua haiishi. Nina chungu kizuri cha Ikombe, nilitaka kupandia humo. Itawezekana?*
Msomaji wa Tukuyu

Ugonile, ndugu. Itawezekana, ila mmea uwe chini ya paa mwaka mzima. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Mei huacha majani na unyevu hata pasiponyesha. Paa liwe la bati angavu, kuta wazi ili upepo upite.

Vyungu wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi kule Ikombe, karibu na Matema, vinapumua vizuri kwa sababu havijapakwa rangi ya kioo. Vina kasoro moja: vimefinyangwa kwa kupikia, kwa hiyo vina kitako cha mviringo na havina tundu. Kitoboe hivi. Kigeuze kifudifudi juu ya gunia la mchanga, bandika utepe wa karatasi pale utakapotoboa. Tumia drili yenye biti ya tofali ya milimita 6, mtindo wa kugonga kama nyundo ukiwa umezimwa, mwendo wa taratibu, mwenzio akidondosha maji juu ya biti. Usikandamize, chungu huvunjika dakika ya mwisho, biti inapotokeza ndani. Panua kwa biti ya milimita 12. Toboa matundu manne, moja katikati na matatu kuzunguka. Chungu kikae juu ya kata ya nyasi au ya waya, si juu ya sahani ya maji.

Mdomo wa vyungu hivyo ni mwembamba kuliko tumbo, na kitako cha mmea kinanenepa. Chagua chenye mdomo mpana, la sivyo siku ya kuhamisha utavunja kimoja kati ya viwili.

*Miti yangu inachanua vizuri lakini haijawahi kuzaa matunda. Nyuki wapo.*
Msomaji wa Chunya

Ua hili limejifunga kwa ustadi. Ndani ya koo kuna nyuzi tano zenye mikia mirefu yenye nywele. Chini yake vifuko vya chavua vimeegemeana vikafanya koni ndogo iliyofungwa. Chavua iko ndani ya kilele cha koni, na sehemu inayopokea iko chini yake kidogo. Nyuki wengi wanaishia mlangoni. Tena, kwa kawaida mti haukubali chavua yake wenyewe, hivyo unahitaji miti miwili isiyotokana na mama mmoja kwa vipande vya matawi.

Chagua maua yaliyofunguka jana au juzi, saa tatu hadi tano asubuhi. Chana upande mmoja wa bomba la ua kwa wembe mpaka uione koni. Chukua kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia, chenye ncha iliyokwaruzwa kidogo, au brashi yenye nywele tatu. Penyeza katikati ya nyuzi mbili na uinue kuelekea kileleni. Itatoka na unga mweupe wenye umanjano. Nenda kwenye ua la mti wa pili, penyeza unga huo kwenye ufa wa koni sehemu ya chini, uzungushe mara mbili. Fanya maua kumi. Mawili au matatu yakishika umefanikiwa.

Ua lililoshika hunyauka lakini kikonyo chake hubaki kijani. Baada ya wiki mbili hivi utaona pembe mbili zikichomoza kwa pamoja. Zitarefuka mpaka shibri moja na kukomaa baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Zikianza kubadilika rangi, zifunge uzi sehemu tatu, juu, katikati na chini. Tunda hupasuka ghafla adhuhuri ya siku yenye jua, na kwa upepo wa Chunya mbegu zenye shungi zitakuwa zimefika kwa jirani kabla hujatoka nje.